Kauanoe Kamanā na shule inayosema Kihawaii

Watu wengi wanapozungumzia kuingiza utamaduni shuleni hufikiria ngoma na mavazi ya siku ya sherehe, ndiyo maana napenda kuwaeleza habari za Kauanoe Kamanā, mwalimu wa Hawaii, visiwa vya Bahari ya Pasifiki ambavyo leo ni jimbo la Marekani.

Mwaka 1896, miaka mitatu baada ya Liliʻuokalani, malkia wa mwisho wa Hawaii, kupinduliwa, sheria iliamuru kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia katika shule zote, na watoto waliosikika wakisema Kihawaii wakawa wanaadhibiwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, watoto waliokizungumza hawakufika 50. Kamanā na mumewe, William Wilson, ambao wote walijifunza lugha hiyo ukubwani, waliazimia kuzungumza Kihawaii tu na watoto wao. Mwaka 1983 wao na wenzao, akiwemo Larry Kimura, wakaanzisha ʻAha Pūnana Leo, shirika la chekechea zinazotumia Kihawaii tu, kwa kufuata mfano wa chekechea za lugha za Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand. Chekechea ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1984 kisiwani Kauaʻi, sheria ile ikiwa bado haijarekebishwa. Ilirekebishwa mwaka 1986.

Shule ya Nāwahī iliyopo Keaʻau, inayofundisha kwa Kihawaii na ambayo Kamanā aliiongoza kwa miaka mingi, ina jina la Joseph Nāwahī, mhariri na mwanasiasa aliyepigania ufalme na kufariki mwaka uleule wa 1896. Asubuhi wanafunzi husimama nje wakiimba kuomba ruhusa ya kuingia, na hawaingii mpaka waitikiwe. Katika masimulizi ya Wahawaii, gimbi la kwanza lilichipua palipozikwa mtoto aliyezaliwa mfu, na mdogo wake, Hāloa, ndiye babu wa watu wote. Kwa hiyo mtoto anayepalilia magimbi shuleni anamtunza kaka yake mkubwa. Sidhani kama kuna kitabu cha kilimo kinachoweza kumfundisha heshima ya udongo kwa uzito huo.

Kiingereza huanza darasa la 5, kikiwa somo kama masomo mengine. Najua wazazi huhofu kwamba watoto watabaki nyuma kwa sababu ya jambo hili, lakini wahitimu wa kwanza walimaliza sekondari mwaka 1999, na baada yao wengi wameendelea hadi chuo kikuu.

Katika chekechea zile wazazi nao hujifunza lugha na kujitolea kufanya kazi za shule. Kwangu mimi hapo ndipo penye kazi kubwa, na yeyote anayepanga shule ya namna hii angeanza kwa kuuliza, kabla hata ya kuchapisha kitabu kimoja, nani atazungumza na mtoto akirudi nyumbani.