Matairi Yaliyoliwa kwa Ndani

Mwaka ule Impreza yangu ya 2004 ilikuwa imeshushwa kama sentimita nne kwa springi fupi, na ilikuwa inakula matairi kwa kasi ya kutisha. Kwa nje ungeapa tairi ni jipya. Kwa ndani, kwenye ule ukingo usioonekana mpaka uiname kabisa, lilikuwa kipara. Niligundua ubaya wake Chalinze, niliposimama kujaza upepo tukielekea Morogoro. Fundi pancha alipitisha kiganja nyuma ya tairi la nyuma kushoto, akakirudisha haraka. Nyuzi za chuma zilikuwa zimetokeza. Mke wangu alikuwa kiti cha nyuma, upande huohuo, amempakata mtoto. Tulifunga tairi la akiba, tukageuza, tukarudi Dar polepole.

Kila niliyemwonyesha tairi lile alinipa jibu moja: kemba. Gari likishuka, matairi yanalala, vichwa vyake vinaingia ndani, yanakanyagia ukingo na kuisha. Rudisha springi za kiwandani, basi. Nilikuwa nimeshafanya alaimenti, yaani kunyoosha matairi, kwenye mashine ya leza, na si mara moja, lakini kila waliponishughulikia waligusa ya mbele tu. Ya nyuma waliniambia haina marekebisho.

Rafiki yangu akanipeleka kwa mzee mmoja Tabata, ambaye ujanani alikuwa akitengeneza magari ya rali. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, gari nitaliona baadaye. Kwanza nionyeshe hilo lililokufa."

Nikalitoa kwenye buti. Alilipapasa uso kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje, akanishika mkono nami nifanye vilevile. Upande mmoja mkono uliteleza. Upande wa pili ulikwaruzwa na makali kama meno ya msumeno.

"Kemba haifanyi hivi," alisema. "Kemba peke yake inamaliza tairi kwa ndani, lakini taratibu, na panabaki laini. Ukikuta makali, ujue tairi limeburuzwa."

Siku hiyo nilijifunza zaidi ya miaka yangu yote ya kuendesha. Alianza na sakafu: alichukua mpira wa maji wanaotumia waashi, akapima chini ya kila tairi, penye kupungua akaweka kipande cha ubao. Akasawazisha upepo. Akapakia mfuko wa saruji kwenye kiti cha dereva, ili gari likae kama linavyokaa barabarani. Chini ya kila tairi akaweka vigae viwili vilivyopakwa grisi katikati, tairi liweze kujisogeza lenyewe badala ya kung'ang'ania sakafu. Kisha akavuta uzi kila ubavu wa gari, kwa kimo cha katikati ya rimu, akahakikisha umbali kutoka kwenye uzi hadi kitovu cha tairi unalingana kushoto na kulia, mbele kwa mbele na nyuma kwa nyuma, kwa sababu upana wa mbele si lazima ufanane na wa nyuma.

Akapima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha ukingo wa nyuma. Tairi la nyuma kushoto lilitofautiana milimita 4, likitazama nje. La kulia, milimita 3, nalo likitazama nje. Akachukua chaki, akaandika hesabu sakafuni: milimita 4 kwenye rimu yenye kipenyo cha sentimita 45 hivi ni sawa na kuburuzwa kiubavu karibu mita 9 kwa kila kilomita. Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190. Nilipoizidisha nikapata zaidi ya kilomita moja na nusu ya mpira unaosuguliwa kwenye lami, na mtoto wangu amekaa juu yake.

Kemba aliipima kwa timazi. Mbele kushoto juu ya rimu palikuwa pameingia milimita 16, kulia 10. Bolti ya juu inayoshika shokapu ya mbele kwenye Impreza ina kichwa chenye egemeo la pembeni, lisilokaa katikati ya bolti. Ukiizungusha, tairi linasimama au linalala. Akazifanya zote mbili 12, yaani mlalo wa kama digrii moja na nusu. Nikamwomba apunguze zaidi. Akakataa. "Kwa gari lililoshuka hii ni halali. Ninachotaka zilingane."

Nyuma kulikuwa na marekebisho, sawasawa na nilivyokuwa nikishuku. Fimbo za pembeni zinazoshika matairi ya nyuma zina bolti ya aina hiyohiyo kwa ndani, ya kugeuza mtazamo wa tairi, ila zilikuwa zimeganda kwa kutu na bushi, ile mipira ya kwenye maungio, zimechanika. Nilikwenda mtaa wa Gerezani, hapohapo Dar, kununua bushi mpya. Alipozifunga hakuzikaza gari likiwa kwenye jeki. Alilishusha kwanza, likakaa kwenye uzito wake, ndipo akakaza. Bushi ikikazwa tairi linaning'inia, mpira wake unabaki umejipinda siku zote na unakatika mapema. Nimeona gereji nyingi zisizojali hilo, na linaniuma, maana ni kazi ya dakika chache tu.

Alianza nyuma, akaacha kila tairi likitazama ndani milimita 1, gari litulie kwenye mwendo. Ndipo akaja mbele, akafunga usukani ukiwa umenyooka, akalegeza nati za tairodi, zile fimbo za usukani zinazogeuza matairi, akazungusha kushoto na kulia hadi tofauti ikawa sifuri. Bolti zote akazitia alama ya rangi nyeupe, ikisogea nione.

Aliniagiza nirudi springi zikishazoea, nikarudi. Mbele palikuwa pamebadilika kidogo, akaparekebisha. Matairi mapya niliyoyafunga wiki ile nimeyapima kina cha mifereji baada ya msimu mzima wa safari za Morogoro: ukingo wa ndani milimita 6, wa nje 6 na nusu. Springi ni zilezile fupi. Kemba ya mbele bado ni milimita 12.