Bomba la Hewa Lilivutwa Kushoto

Karatasi ya maombi iliyoletwa kwetu chumba cha eksirei ilikuwa na mstari mmoja: "Picha ya kifua. Maji kushoto. Atolewe maji leo." Ilikuwa Ijumaa jioni, Oktoba 2009, katika hospitali ya wilaya Kanda ya Ziwa, na mgonjwa alikuwa mtoto wa kike wa miaka 3 aliyebebwa mgongoni na bibi yake. Alikuwa amekohoa wiki tano. Alishapewa amoksilini mara mbili. Homa inashuka, homa inarudi. Siku ile alivuta pumzi 52 kwa dakika. Daktari wa zamu alipogonga kifua upande wa kushoto, kilitoa sauti nzito kama ya kugonga paja, na alipoweka kipimo cha kusikilizia kifua hakusikia pumzi. Hizo ni dalili za maji. Shida ni kwamba pafu lililosinyaa nalo hutoa dalili hizo hizo, na altrasaundi ya kuamua hatukuwa nayo wakati huo.

Picha ya kwanza ilitoka vibaya. Weupe ulijaa kushoto kuanzia juu hadi chini, lakini mitulinga, ile mifupa miwili ya juu ya kifua chini ya shingo, ilikuwa haiko sawa: ncha ya mmoja ilikaribia kabisa uti wa mgongo, ya pili ilikuwa mbali. Mtoto alikuwa amejigeuza. Kwenye picha ya namna hiyo bomba la hewa huonekana limekimbilia upande mmoja hata kama limesimama mahali pake, na moyo hali kadhalika. Kwa hiyo kitu pekee kilichotakiwa kusomwa usiku ule hakikusomeka. Filamu zilikuwa za kuhesabu, lakini picha iliyopinda ni bora isiwepo, kwa sababu mtu huiamini.

Ya pili tulimlaza chali juu ya kaseti, kisanduku bapa kinachobeba filamu. Bibi alivaa aproni ya risasi, yaani ya metali nzito inayozuia mionzi, akamshika mikono yote miwili juu, ikibana masikio, ili kichwa na mabega visicheze. Sista akashika magoti na nyonga, naye pia ndani ya aproni. Herufi L ya risasi ilibandikwa kwenye kona upande wa kushoto kabla ya kupiga, siyo kuandikwa kwa kalamu baadaye. Umbali sentimita 150, kilovolti 60, miliampia 100 kwa sekunde 0.04. Muda huo mfupi ni wa lazima, maana mtoto hafuati amri ya kuzuia pumzi. Anayelia humaliza kilio, kisha huvuta pumzi ndefu kabla ya kuanza kingine; mwisho wa mvuto huo ndipo kitufe kinabonyezwa.

Chumba cha giza kilikuwa na joto, dawa ya kwanza, ile ya kutokeza picha, ilisoma nyuzi 24, kwa hiyo filamu ilikaa dakika 3 badala ya 5 za nyuzi 20. Ikasuuzwa, ikaingia kwenye dawa ya pili. Picha tuliitazama ikiwa mbichi bado, inadondosha maji mbele ya kisanduku cha taa, na daktari alikuwa ameshaagiza sindano ya kutolea maji.

Safari hii mitulinga ililingana. Bomba la hewa halikuwa katikati: lilikuwa limevutwa kushoto, kwenye weupe. Hapo ndipo jambo zima lilipo. Maji huchukua nafasi, kwa hiyo yakiwa mengi kiasi cha kujaza upande mzima husukuma bomba na moyo kwenda upande wa pili. Pafu lililosinyaa huacha nafasi, na kila kilicho jirani huvutwa kuijaza. Baada ya hilo mengine yalikuja yenyewe. Kivuli cha moyo kilikuwa kimehama chote, pingili za uti wa mgongo zikabaki wazi upande wa kulia. Mbavu za kushoto zilibanana, za kulia zikaachana. Kiputo cheusi cha hewa ya tumbo, ambacho hukaa chini ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kilikuwa kimepanda juu isivyo kawaida, maji yangekishusha. Pafu la kulia lilikuwa limevimba kwa hewa hadi ukingo wake ukavuka katikati. Nimonia ya kawaida haifanyi hivyo: pafu lenye nimonia huwa jeupe bila kupungua sana, na mara nyingi ndani ya weupe huonekana matawi meusi ya mirija ya hewa. Hapa mrija mkuu wa kushoto ulionekana sentimita moja hivi, kisha ukakatika ghafla.

"Daktari, huyu hana maji ya kutoa," nikasema. "Pafu limeziba."

Alisogea, akapima mitulinga kwa vidole, akafuata bomba kwa ncha ya kalamu kutoka shingoni. Kisha akamwambia sista arudishe sindano. Katika kifua kama kile, kiwambo kimepanda na moyo umehamia kushoto, kwa hiyo sindano inayoingizwa pale yanapotarajiwa maji hukuta bandama au moyo wenyewe.

"Bibi, huyu mjukuu aliwahi kupaliwa?"

"Alipaliwa, mwanangu. Siku tunabangua karanga. Akakohoa mpaka akabadilika rangi, halafu akatulia, tukasema imeshuka."

Ndani ya bahasha ya kaki alikuwa na picha ya wiki ya kwanza, iliyopigwa kituo kingine na kuandikwa kuwa ni safi. Tuliiweka kando ya ile mbichi. Pafu la kushoto lilikuwa jeusi zaidi kidogo kuliko la kulia, tofauti ndogo ya kukupita usipolinganisha. Karanga iliyokwama kwenye mrija wakati huo ilikuwa vali: mrija hutanuka mtu anapovuta pumzi, hewa inapita, hubana anapoitoa, hewa inanaswa. Yenyewe haionekani kwenye eksirei, uzito wake ni kama wa nyama. Picha ya pumzi iliyotolewa ingeonyesha pafu lililokataa kupungua. Kwa mtoto asiyeweza kuamriwa, hulazwa kwa ubavu upande unaoshukiwa. Pafu la chini huwa linabanwa na kuwa jeupe kiasi, na likibaki jeusi, kuna hewa iliyonaswa. Baada ya wiki kadhaa mafuta ya karanga huchoma utando wa mrija, utando huvimba, tundu linaziba lote, na hewa iliyobaki hufyonzwa na damu. Ndipo pafu husinyaa.

Barua ya rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, iliandikwa saa mbili usiku, na daktari akachora bomba lililovutwa pembeni mwa maelezo yake. Mtoto aliondoka na oksijeni na sista wa kumsindikiza, bila kulishwa chochote, kwa kuwa angehitaji usingizi wa dawa. Kule waliingiza bomba gumu lenye taa kupitia mdomoni na kutoa nusu ya punje ya karanga iliyolainika, pamoja na usaha uliokuwa nyuma yake.

Alirudishwa kwetu baada ya wiki mbili kwa picha ya kuangalia maendeleo. Alisimama mwenyewe mbele ya kaseti, bibi akimshika mikono tu. Mitulinga sawa, bomba la hewa katikati, kiputo cha tumbo kimeshuka mahali pake. Chini kabisa ya pafu la kushoto, nyuma ya kivuli cha moyo, kulibaki michirizi miwili myeupe, na daktari akampangia arudi mwezi unaofuata.