Ule ukungu kwenye jicho la bundi

Juzi jioni hapa Ngamiani watoto walimpiga mawe bundi aliyetua kwenye paa la jirani, si mnajua mambo yetu, bundi akilia juu ya nyumba watu washaanza kuhesabu nani mgonjwa. Akaangukia uani kwetu. Nikamfunika na kanga nikamtia kwenye boksi, kummulika na tochi ya simu naona utando mweupe unapita juu ya jicho, unatoka kona ya ndani kwa juu, unashuka kimshazari afu unarudi, chap! Bibi akasema huyo keshapofuka. Mi nikaamini.

Asubuhi nikampeleka kwa bwana mifugo, kumbe ule ni ukope wa tatu, bundi wote wanao, na jicho lilikuwa zima kabisa, kilichoumia ni bawa. Akaanza kunielezea tezi iliyojificha ndani kabisa ya tundu la jicho, upande wa pua, mfereji wake unafungukia chini ya ule ukope, yaani chozi linatokea pale pale halafu ukope ukipita unalipaka jicho lote kama unavyopaka mafuta chapati kwa mgongo wa kijiko. Inaitwa tezi ya Harder, kwa jina la daktari wa Uswisi Johann Jacob Harder aliyeielezea mwaka 1694, tena aliiona kwa kulungu.

Ila kilichonigusa ni hiki: ile tezi ya machozi tuliyonayo sisi, juu ya jicho upande wa nje, bundi hana. Mzigo karibu wote kaubeba Harder. Na chozi lake si maji tu, lina ute, na ndani ya tezi zimo seli zinazotengeneza kingamwili za kupambana na vijidudu. Hebu fikiria anavyojitupa kwenye majani gizani kumfuata panya, vumbi, vijiti, kucha za panya, na macho yenyewe makubwa vile, hata kuyazungusha hawezi, lazima ageuze shingo.

Niliporudi nikamsimulia bibi yote. Akakaa kimya, afu akauliza, "Sasa mjukuu wangu, hiyo tezi jiwe likiiharibu?" Nikamwambia bibi, jicho linakauka, kioo chake kinapata vidonda, na bundi asiyeona vizuri anawinda kwa shida. Akaingia ndani akatoka na utumbo wa kuku kwenye kisahani.