MG ya Baba na Jina la Fundi Wake

Mwezi uliopita alifika nyumbani kwetu Chumbageni mnunuzi aliyesafiri kutoka Nairobi kwa ajili ya gari la marehemu Baba, MGB nyekundu ya mwaka 1965, gari la michezo la kampuni ya MG ya Uingereza, lenye viti viwili na paa la turubai. Alilizunguka kwa heshima, akapapasa milango, akapiga magoti kutazama chini, akasoma kibati cha kiwandani chenye herufi GHN3, zinazoanza namba ya chesisi ya MGB ya aina hiyo, na uso wake ukachangamka. Kisha akaitazama injini. Alinyamaza kwa muda, akafunika boneti taratibu, akasema, “Kaka, hili si MG tena. Hii ni bodi ya MG.” Bei aliyoitaja baada ya hapo ilikuwa bei ya bodi.

Siku ile sikumjibu, kwa kuwa alikuwa mgeni na chai yake ilikuwa bado mezani. Lakini maneno yake hayajanitoka, na nimeona ni vyema niandike kwa nini naamini alikosea, nikianza na gari lenyewe.

Baba alilinunua kutoka kwa mhandisi wa shamba la mkonge aliyekuwa akirejea kwao Uingereza, miaka michache baada ya mashamba mengi ya mkonge kutaifishwa mwaka 1967. Lilimtumikia vizuri hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo silinda hedi ilipasuka katika kipindi ambacho fedha za kigeni zilikuwa adimu kiasi kwamba hata kupata plagi mpya lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu. Hedi ya MG haikupatikana Tanga, haikupatikana Dar es Salaam, na barua mbili zilizotumwa Uingereza zilijibiwa kwa bei ambayo Baba asingeweza kuilipa kwa shilingi. Gari likakaa chini ya mwembe kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Aliyeliondoa pale ni Mjomba, kaka yake Mama, ambaye alikuwa na gereji Ngamiani, Barabara ya 12. Mwaka 1984 alipata injini na giaboksi kutoka kwenye Datsun 160J iliyopinduka karibu na Hale. Wakati ule Datsun lilikuwa jina kubwa Afrika Mashariki nzima, kwani Shekhar Mehta alikuwa ametoka kushinda Safari Rally mara nne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982, akiendesha magari ya kampuni hiyo, na spea zake zilikuwa zikipatikana hata kwa mafundi wa pembeni. Mjomba hakukata bodi. Alichonga vyuma vipya vya kushikilia injini na kuvifunga kwenye matundu yale yale ya kiwandani, akaikata propela na kuiunganisha upya ili urefu uafikiane na giaboksi ngeni, akaiacha difu ya MG mahali pake, na injini ya zamani akaipaka grisi, akaifunga kwa turubai na kuiweka stoo, ambako ipo hadi leo. Kazi ilimchukua miezi mitatu. Gari lile limetupeleka Pangani, Muheza na Korogwe kwa miaka mingi, na ndilo lililombeba dada yangu siku ya harusi yake.

Sasa, mtu akisema kwamba gari la aina hii hupoteza utambulisho wake pale fundi wa nje ya kiwanda anapobadilisha injini, ni haki aangalie kwanza yaliyotokea Uingereza kwenyewe, tena kwa gari hili hili. MGB ilianza kutengenezwa katika kiwanda cha MG, mjini Abingdon, mwaka 1962 ikiwa na injini ya chuma ya silinda nne, sentimita za ujazo 1,798, yenye nguvu farasi 95 hivi. Ilipendwa sana, lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1960 wengi waliona kwamba bodi na springi zake zingeweza kuhimili nguvu kubwa zaidi. Kiwanda kilikuwa kimejaribu kuweka injini nzito ya silinda sita katika bodi hiyo na kuliita gari hilo MGC, na gari likalaumiwa kwa kuwa zito upande wa mbele. Aliyepata jawabu ni Ken Costello, dereva wa mashindano na fundi, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianza kuuza MGB alizozifunga injini ya Rover V8 ya lita 3.5. Injini hiyo, ambayo Rover ilinunua haki zake kutoka General Motors ya Marekani, ilikuwa ya alumini, na kwa hiyo uzito wake haukutofautiana sana na wa ile ya chuma ya silinda nne. Gari likapata nguvu ya karibu farasi 150 bila kuharibiwa mizani yake.

Kabureta zilikaa juu mno, kwa hiyo Costello alitengeneza boneti yenye kinundu. Kwa mbele aliweka grili yake mwenyewe, na kwa nyuma alama yenye jina lake. Mimi hulitazama jambo hilo la alama kama uungwana wa kazi. Aliyelinunua gari lile alijua amenunua MG iliyopita mikononi mwa Costello, na aliyelifuata kwa nyuma barabarani alijua vilevile.

British Leyland, waliokuwa wamiliki wa MG, walimwomba alete gari lake walikague. Mwaka 1973 wakatoa MGB GT V8 ya kwao, yenye injini hiyo hiyo ya Rover ambayo nguvu yake ilikuwa imepunguzwa hadi farasi 137, na kabureta zimerudishwa nyuma ili boneti ya kawaida ifunge bila kinundu. Walitengeneza magari 2,591 hadi mwaka 1976, yote yakiwa ya paa la bati, ilhali Costello alikuwa akiwafungia wateja hata yale ya paa la turubai. Namba za chesisi za V8 za kiwandani huanza na herufi zake maalumu, GD2D1. Gari la Costello hubaki na namba ya MGB ya kawaida, kwa sababu lilitoka Abingdon likiwa la silinda nne. Kwa hiyo, mtu anayesoma karatasi peke yake angesema kwamba gari lililotangulia ndilo bandia na lililofuata nyuma yake ndilo la kweli. Wapenzi wa MG hawasemi hivyo. Gari la Costello lenye ushahidi wa asili yake hutafutwa leo kwa jina la Costello, bila kuombewa radhi.

Hata serikali ya Uingereza kwa miaka mingi, hadi mwaka 2025, ilipima utambulisho wa gari lililobadilishwa kwa pointi, na hesabu yake inafundisha. Chesisi, au bodi kwa magari yasiyo na chesisi ya peke yake kama MGB, ilipewa pointi 5, mfumo wa springi na shokapu 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, injini 1 tu. Gari lilipaswa kufikisha 8 ili libaki na namba yake ya usajili, na bodi isiwe imekatwa na kugeuzwa. Nililipigia gari la Baba hesabu hiyo usiku mmoja, nikiwa na daftari mapajani. Jumla ni 14. Ukitoa 2 za giaboksi na 1 ya injini, linabaki na 11. Tena tangu mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikitengeneza bodi mpya kabisa za MGB kwa kutumia vifaa vya kiwandani vya zamani, na gari lililohamishiwa ndani ya bodi hiyo huendelea kuitwa MGB. Iwapo mtu anaweza kubadilisha bodi nzima na jina likabaki, sioni kwa nini injini ya Datsun ilifute.

Hata hivyo, simtetei kila aliyewahi kushika msasa na mashine ya kuchomelea. Yapo magari ambayo bodi zake zilikatwakatwa na mtu asiyejali, na kuyarudisha katika hali yoyote ya heshima haiwezekani. Yapo pia mabaya kuliko hayo, yaliyobadilishwa kwa siri. Sunbeam Tiger, gari jingine la michezo la Uingereza, lenye injini ya V8 ya Ford, lilitokana na bodi ya Sunbeam Alpine ya silinda nne, na kwa kuwa Tiger ni ghali zaidi, wako watu waliochukua Alpine, wakaifunga V8 na kuiuza kama Tiger halisi. Wapenzi wa gari hilo walilazimika kuweka utaratibu wa kulikagua kwa macho na kulitolea hati. Kazi ya fundi katika gari la namna hiyo inaweza kuwa nzuri kabisa. Kilichooza ni yale aliyoambiwa mnunuzi.

Linganisha na Lynx, mafundi wa Uingereza waliochukua Jaguar XJ-S na kuligeuza kuwa gari la kifahari lenye nafasi ya mizigo nyuma, wakaliita Eventer. Yalitengenezwa 67 tu, na hakuna aliyewahi kudai kwamba yalitoka hivyo kiwandani. Jina la aliyeligeuza ndilo linalolipa heshima.

Hapa kwetu tuna nusu ya desturi hiyo. Ukipanda Lushoto utakutana na Land Rover za zamani zilizofungwa injini za Kijapani, na mwenye gari akikusifia gari lake hukutajia fundi kabla ya kukutajia injini: hii imefungwa na fulani wa Mombo, ile na fulani wa Ngamiani. Sifa ipo, na ni ya haki, kwa sababu imepimwa milimani. Lakini inakaa midomoni mwa watu. Fundi akifa na mwenye gari akihama, gari linabaki bila ukoo, na mgeni akifungua boneti huona injini ngeni tu. Kwenye kadi ya zamani ya gari letu, namba ya injini imekatwa kwa kalamu na nyingine ikaandikwa juu yake. Hakuna mahali panaposema nani, wapi, wala kwa nini. Katika hilo, mnunuzi wa Nairobi hakuwa na kosa.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, nilimchukua Mjomba kwa gari hilo hilo hadi kwenye gereji ambayo sasa inaendeshwa na wanawe. Nilimwamkia tena kwa heshima, nikamweleza ninachotaka. Kwanza alikataa.

“Mwanangu, mimi nilimsaidia shemeji yangu. Niweke jina kwa nini?”

“Kwa sababu anayekuja baada yetu ataniuliza, Mjomba, na mimi huenda sitakuwepo.”

Alikaa kimya, akaomba miwani. Kisha akaanza kunisomea kutoka kichwani, nami nikaandika: urefu aliopunguza kwenye propela, unene wa bamba la vyuma vya kushikilia injini, radieta ilivyosogezwa mbele kwa vidole viwili, ni nati zipi ni za inchi na zipi za milimita. Kurasa nne zilijaa. Alikumbuka hata tundu moja alilolitoboa vibaya na kuliziba, na akasisitiza nalo liandikwe.

Mwanawe mkubwa alikata kibati cha alumini na kukigonga herufi moja moja: jina la Mjomba, Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga, 1984, injini na giaboksi Datsun. Tulikipigilia chini ya kile cha Abingdon. Mjomba alikifuta kwa kitambaa, akaniambia niwashe gari, akainama kusikiliza, akasema vali ya pili inahitaji kurekebishwa.

Daftari nimelipiga picha na kumtumia mnunuzi wa Nairobi, pamoja na bei yangu.