Noti ya dola 20 na pai ya limau ya Lubumbashi

Juzi nimekataliwa noti ya dola 20 dukani, sababu ina kichaniko pembeni kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Jamani faranga zao hapa Lubumbashi zinatembea zimechakaa, zimeungwa na gundi, na hakuna anayeuliza, lakini dola ikiwa na alama kidogo tu basi imeshakuwa karatasi. Muuzaji hata hakuiangalia mara mbili, "hii haitembei mama", akanirudishia na siagi yangu akaichukua akairudisha kwenye friji, watu wamesimama nyuma yangu wananitazama. Huu mwaka wa tatu tangu nitoke Mbeya na hili bado linaniuma kweli. Wewe unayejiandaa kuja huku nakuambia kabisa, kabla hujavuka Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, kagua noti zako moja moja kwenye mwanga, na kadi ya homa ya manjano usiifungie kwenye begi la chini.

Siagi yenyewe ilikuwa ya mwanangu. Ametimiza miaka 9 na kilio chake kilikuwa pai ya limau, ile Wafaransa wanaiita tarte au citron, aliionja kwa rafiki yake wa shule. Nikaenda kuulizia mjini, kipande, sio nzima, kipande, dola 5. Mlioko nyumbani pigeni hesabu wenyewe, halafu mkumbuke malimao Kyela kwa mama yanaozea chini ya mti na hakuna wa kuyaokota. Nikasema naipika mwenyewe.

Sasa pale dukani nyuma yangu kumbe alikuwepo Mama Chantal, jirani yangu wa nyumba ya pili, tulikuwa tunasalimiana tu asubuhi. Akaniambia "Mama Neema, acha, mi njo nitalipa", akalipa siagi, akalipa na maizena (ule wanga wa mahindi), hakuandika popote wala hakuniuliza nitarudisha lini. Mimi kwetu nimezoea kukopa kwa ndugu, kwa mtu baki nilishindwa hata kushukuru vizuri.

Malimao nilishanunua soko la Kenya (ndiyo, hapa kuna mtaa unaitwa Kenya). Nikakanda unga wa ngano nusu kilo kasoro na siagi, sukari kidogo, yai moja na chumvi, nikautandaza kwenye bati, nikatoboatoboa kwa uma, nikaweka karatasi na maharage makavu juu ili usivimbe. Umeme ukakatika unga haujashika hata rangi. Nilikaa kwenye ndoo jikoni nikataka kulia, maana jioni wenzake wanakuja.

Mama Chantal akaja na mbabula yake imeshawaka, mbabula ndiyo jiko la makaa, akaleta na sufuria kubwa na mawe matatu ya kukalishia bati. Tukapalia makaa chini na juu kama tunavyofanya nyumbani kwa keki, na ganda lilitoka zuri, kavu, rangi ya biskuti.

Kosa langu likawa kwenye limau. Ule uji wa maji, sukari na maizena ulishakuwa mzito, nikatia viini vinne, nikakamulia limau humohumo kwenye sufuria yangu ya alumini na nikaacha inachemka. Ikawa ya kijivu. Nikaonja, ladha ya chuma kabisa kama umelamba kijiko. Mama Chantal akachungulia akasema "ile nyungu njo inaaribisha, ndimu haipendaka aluminium". Akatuma binti yake alete bakuli lao la enameli nyeupe, lina maua ya bluu, pembeni limebanduka kidogo kwa uzee. Tukaanza upya, safari hii uji ukaiva kwanza ndipo tukaepua na kutia maji ya limau mwishoni, kwa sababu uchachu ukichemka muda mrefu unalegeza maizena, na ganda la limau tulikwangua lile la njano tu, jeupe ni chungu. Siagi kijiko kimoja, basi. Iling'aa kama kiini cha yai la kienyeji.

Ute wa mayai tukaupiga kwa uma, zamu kwa zamu mpaka mikono ikauma, tukaurundika juu na tukarudisha mfuniko wenye makaa. Hapo nasema kwa kujiamini, moto wa juu wa makaa uliupa ule povu rangi ya kahawia nzuri kuliko niliyoiona kwenye kioo cha duka la mjini. Watoto tisa walikula, wakagombania ncha.

Asubuhi nilimpelekea Mama Chantal bakuli lake, ndani nimemwekea vipande viwili, na mkononi hela ya siagi. Vipande alichukua. Hela alinifungia kwenye kiganja changu akasema niweke, nitanunua siagi ya siku ya Chantal, mwezi ujao, na mimi ndiye nitakayepika.