Ncha ya Jambia

Ilikuwa Ramadhani ya 2014, Muttrah, Maskati, baada ya kufuturu. Mzee mmoja mzaliwa wa Unguja alifungua leso, akaweka mezani Rolex Datejust ya chuma, milimita 36, pete ya kioo ya dhahabu nyeupe yenye mifereji. Usoni, jambia na panga mbili zilizopishana: nembo ya Oman. Saa za namna hii Sultani Qaboos aliziagiza miaka ya 1970, nyingine kupitia duka la Asprey la London, akawatunukia watu. Nembo ndiyo bei. Bila nembo ni Datejust tu.

"Mwanangu, nitazamie kama ni ya kweli."

Tulianza kwa kuvua mkanda. Baina ya masikio ya juu, penye 12, pameandikwa 1601, namba ya modeli. Ya chini, namba ya saa yenyewe, tarakimu saba zinazoanzia 3. Ndani ya mfuniko, II.71, yaani robo ya pili ya 1971. Vyote vinapatana. Kwenye daraja la mashine, yaani kibamba kinachoshikilia magurudumu yake, imepigwa 1570, namba ya aina ya mashine, na kijana aliyekuwa kando akaruka: feki, Datejust ina 1575! Sivyo. Hata mashine zenye tarehe ziligongwa 1570. Kosa hilo limewakosesha watu saa nzuri.

Kipimo cha mwendo kilionyesha mapigo 19,800 kwa saa, ila inachelewa sekunde 40 kwa siku. Mafuta yamekauka, basi.

Uso ulitaka uangalifu zaidi. Chini kabisa pana T SWISS T, alama ya tritiamu, dutu inayong'arisha vidoa vya uso gizani, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 hivi. Tulimulika tochi, tukazima: vidoa havikuwaka. Vizuri. Kama vingewaka kijani kwa muda mrefu, basi vingekuwa vimepakwa upya. Kwa lenzi, taa ikilazwa ubavuni, wino wa nembo ulionekana umesimama juu ya lakeri, lile tabaka la kinga la uso.

Hapo tungefunga. Lakini palikuwa na chembe ya vumbi kando ya ala, kioo kimeshatoka, na kijiti cha pamba kimo mkononi mwangu. Nikakilowesha kidogo. Nembo hiyo imechapwa juu kabisa, haina kinga, na ya zamani huachia kwa unyevu mdogo tu. Vumbi hutolewa kwa kipulizio cha mpira, kwa mbali, basi. Ncha ya jambia ikabaki kwenye pamba.

Mzee aliomba lenzi, akatazama muda mrefu.

"Kuna anayeweza kuichora?"

"Yupo. Ila mnunuzi ataiona."

"Basi usiiguse. Inakwenda?"

"Inakwenda, mzee."

Tulibadilisha mpira wa mfuniko uliokuwa umegeuka lami, tukafunga. Tarehe ilikuwa nyuma siku tisa, na saa hii haina njia ya mkato: unapitisha akrabu usiku wa manane, unazirudisha hadi saa mbili usiku, unazipitisha tena. Mara tisa. Alingoja kimya, mkono wake wa kushoto umeshanyooshwa mezani.