Nani Alihesabu?

Mwaka wa pili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, semina ya historia ilikuwa mchana, tukitoka kula kafeteria. Kwenye mhadhara tulikuwa mamia, kila mtu akinakili anachosikia. Semina tulikuwa wachache, hapakuwa na pa kujificha.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya mwenzetu mmoja wa Songea. Mada: Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, 1905 hadi 1907. Akaanza na Wamatumbi kung'oa pamba kule Nandete, akapita kwa mganga Kinjikitile Ngwale na dawa yake ya maji, akamalizia na waliokufa: 75,000. Minong'ono ikaanza, maana desa, yaani notisi tulizorithi kwa waliotutangulia, lilisema 250,000 hadi 300,000.

Wote tukamgeukia mwalimu. Akaziandika namba zote ubaoni, akauliza, "Nani alihesabu?"

Kiingereza kikatuishia, tukahamia Kiswahili, naye akatuacha. Mmoja akasema ile ndogo ni makadirio ya serikali ya Wajerumani. Mwingine akasema kubwa ni ya Gilbert Gwassa, aliyefanya utafiti hapahapa Mlimani, miaka ileile wanafunzi walipotumwa vijijini kukusanya simulizi za wazee.

"Haya," mwalimu akasema. "Aliyekufa kwa njaa baada ya askari kuchoma ghala lake, mnamhesabu?"

Hapo ubishi ukawaka. Nikasema ahesabiwe, kwa sababu chakula kiliteketezwa makusudi ili watu wasalimu amri. Dada aliyekaa mbele yangu akanibana: na aliyekufa kwa ugonjwa mwaka mmoja baadaye, mwili umeshadhoofika? Mpaka wako unauweka wapi, na kwa ushahidi gani? Ilibidi nifikiri palepale, watu wakinisubiri.

Kwangu mimi, chuo kikuu ni saa ile. Namba zimejaa maktaba. Kudaiwa sababu za unachokiamini, na watu waliosoma ulichosoma wewe na wanaokubishia kwa heshima, maktaba haina. Ndiyo maana huniuma ninaposikia semina imegeuzwa mhadhara mwingine kwa kuwa wanafunzi wamezidi.

Muda uliisha bila mwalimu kutuambia namba ipi ni sahihi. Kazi tuliyopewa ilikuwa kurasa mbili: ungehitaji kujua nini kabla ya kuikubali mojawapo? Mwenzetu wa Songea akaomba aongezewe wiki, akapanda basi kwenda kwao kumuuliza babu yake njaa ile ilianzia vijiji gani.